"To table": hoja imeletwa au imewekwa kando?

Nilipoanza kazi ya kufasiri mihtasari ya vikao, nililetewa sentensi hii kutoka ofisi moja ya Marekani: "The proposal was tabled." Nikaandika, "Pendekezo liliwasilishwa." Kikundi cha akina mama walioomba fedha kikakaa miezi miwili kikingoja jibu, kumbe ombi lao lilikuwa limewekwa kando. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo hufuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua anayesema ni wa wapi. Mwingereza akisema "to table", analeta hoja ijadiliwe. Mmarekani anaisogeza pembeni, na huenda isirudi tena. Sisi tumerithi matumizi ya Uingereza, ndiyo maana katika Bunge la Tanzania kuna "hati za kuwasilisha mezani". Mazoea hayo ndiyo yaliyonikosesha.

Na si sisi tu. Winston Churchill amesimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, maofisa wa Uingereza waliwaambia wenzao wa Marekani kuwa wanataka ku-"table" waraka wa haraka. Wamarekani wakaelewa kwamba unatiwa kwenye droo usahauliwe. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kuwa wote wanataka jambo lilelile.

Hatua ya 2: Soma maneno ya jirani. "Tabled until March" ni kuahirisha hadi Machi. "Tabled for discussion" ni kuwasilisha. Sentensi ikikatika hapohapo, kama ile yangu, shuka chini kwenye muhtasari: kuna mjadala uliofuata? Kuna kura? Kama waliruka moja kwa moja kwenye ajenda nyingine, shuku kwamba hoja imeahirishwa.

Hatua ya 3: Tenga "on the table". Hii ni ofa ambayo bado ipo na inazungumzika. "Off the table" imeondolewa. Hapa Mwingereza na Mmarekani wanaelewana.

Hatua ya 4: Ukiwa bado na shaka, mwulize mwandishi wa muhtasari, lakini usitumie neno lilelile kwenye swali lako. Mimi huuliza hivi: "Siku ile wajumbe waliijadili hoja hii, au waliiacha kwa kikao kingine?"