Umevuta sigara miaka mingi, leo umekojoa damu: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kupima

Kanda ya Ziwa na Pwani, ukisema umekojoa damu utaambiwa ni kichocho. Mwanamke ataambiwa UTI. Huenda ni kweli, na kichocho kilichokaa miaka bila tiba nacho huweza kuleta saratani ya kibofu. Lakini kwa mvutaji, hasa aliyepita miaka 40, usiridhike na jibu hilo peke yake. Sumu za moshi huingia kwenye damu, figo huzichuja, kisha hukaa kibofuni na mkojo kwa saa kadhaa zikigusana na ukuta wake. Ndiyo maana hatari ya saratani hii kwa mvutaji ni takriban mara tatu ya asiyevuta.

Kabla hujatoka nyumbani, piga hesabu ya sigara zako. Anayenunua mojamoja kibandani hujiona havuti sana, kumbe tano kwa siku kwa miaka 20 ni zaidi ya sigara 36,000. Usimpunguzie daktari hesabu. Kama uliacha, taja mwaka, kwa sababu hatari hushuka polepole mno. Taja pia kama uliwahi kufanya kazi kwenye viwanda vya rangi, mpira au ngozi, maana nazo huongeza hatari hii.

Andika tarehe uliyoona damu, rangi yake, na kama ulisikia maumivu. Damu ya saratani ya kibofu mara nyingi haiumi, tena hukata yenyewe, na hapo ndipo wengi huahirisha safari. Kukata si kupona. Nenda tu. Dawa ya TB iitwayo rifampisini, na hata mboga ya bitiruti, pia hubadilisha rangi ya mkojo, kwa hiyo zitaje.

Mayai ya kichocho huonekana vizuri zaidi kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo panga muda wako. Ikiwa ulishameza prazikwanteli (dawa ya kichocho) au antibayotiki na damu ikarudi, beba maboksi ya dawa hizo na uulize wazi kuhusu rufaa ya kuangaliwa kibofu kwa kamera. Ultrasaundi huweza kukosa kuona uvimbe mdogo. Unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Sema, ila usiiache mwenyewe.

Sigara iache sasa, maana ikifika kwenye upasuaji, wiki nne bila moshi hupunguza matatizo baada yake. Na mabonge ya damu yakiziba mkojo usitoke kabisa, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.