Bima ya gari la kukodi ughaibuni: uliza kwanza nani anatoa hela

Kwetu ukishasema "bima kubwa" umemaliza. Stika inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima Tanzania, trafiki anahakiki kwa simu hapo hapo barabarani Mwanga, gari likigongwa unamfuata wakala, mnavutana, maisha yanaendelea. Ukienda na akili hiyo kwenye kaunta ya magari ya kukodi Hispania au Ureno, utanyolewa bila maji.

Mimi naishi Uingereza, gari nililikodi Málaga kupitia tovuti. Kwenye tovuti kulikuwa na kisanduku cha "ulinzi kamili" kwa pauni chache kwa siku, nikalipia. Kufika kaunta, dada mmoja mkarimu kweli kweli akaniambia bima hiyo si yao, hawaitambui, akazuia euro 1,400 kwenye kadi yangu. Siku ya kurudisha, kijana mwenye tableti akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kulia, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa rimu, akapiga picha. Mchubuko wenyewe hauzidi njiti ya kiberiti. Euro 380 za rimu, juu yake euro 60 za "kushughulikia faili". Nilikatwa kabla sijapanda ndege.

Mtego uko hapo. Bima ya tovuti haimzuii mwenye gari kukukata. Yenyewe inakurudishia baadaye, tena ukithibitisha. Ni mikataba miwili na watu wawili wasiojuana, na wewe ndiye tarishi kati yao. Nilitakiwa kupeleka mkataba wa kukodi, ripoti ya uharibifu, ankara na taarifa ya kadi. Ankara ilichukua wiki kadhaa kutoka, na ilipotoka ilikuwa kwa Kihispania. Hela ya rimu ilirudi. Zile 60 hazikurudi, maana bima yangu ilikuwa na kipengele chake kuhusu gharama za ofisi.

Kwa hiyo mtu akikwambia "nimelipia bima kamili, sina wasiwasi", muulize: gari likichubuka, nani anatoa hela kwanza? Kama ni yeye, basi hajakatia gari bima, amenunua haki ya kudai.

Gari la kukodi Ulaya huja na bima ya kuwalipa watu wengine utakaowagonga. Hiyo ni sheria. Kwa gari lenyewe utaona herufi CDW. Hiyo ni ahadi ya kampuni kwamba haitakudai zaidi ya kiasi fulani, mara nyingi kati ya euro 1,000 na 2,000, na kiasi hicho unakibeba wewe. Na ahadi ina matundu: matairi, rimu, vioo, paa, uvungu, ufunguo uliopotea, mafuta uliyokosea. Yaani vile vitu hasa vinavyoharibika. Wakikwambia "kila kitu kimo", waombe wakuonyeshe neno matairi na neno vioo kwenye karatasi.

Ukitaka kufuta mzigo huo, unaweza kulipia ulinzi wa kampuni pale pale kaunta. Ni ghali, wakati mwingine unapita kodi ya gari lenyewe, ila ukichubua wanamalizana wenyewe. Au unakata bima ya pembeni, kama ile yangu ya tovuti, kabla ya safari. Uingereza zipo hata za mwaka mzima, kwa bei nafuu. Hii inamfaa mwenye kadi ya mkopo yenye nafasi na moyo wa kufukuzana na barua pepe. Kama hela iliyoko kwenye kadi ndiyo ada ya wadogo zako inayosubiriwa Kasulu, lipa kaunta ulale. Na kama una kadi ya kawaida ya benki tu, kampuni nyingi zitaikataa au zitakulazimisha ununue ulinzi wao. Uliza kabla hujasafiri.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, naomba mnisikilize bila kununa. Baba mdogo akija kutembea, najua ameendesha lori Kigoma hadi Nyakanazi enzi za vumbi na tope. Mkataba haujui hayo. Jina lake lisipoandikwa, akishika usukani tu ulinzi wote umekufa, wa kampuni na wa pembeni. Kuandikisha dereva wa pili kuna malipo ya kila siku, lipeni. Na ile "wewe nikodishie kwa kadi yako, mimi nitaendesha" haiendi: kadi inatakiwa iwe ya dereva mkuu mwenyewe. Bima nyingi za pembeni nazo zinauzwa kwa wakazi wa huku tu, kwa hiyo mgeni kutoka Ujiji mara nyingi anabaki na ya kaunta.

Wenzetu hawa wananishangaza. Kwetu ukiazima pikipiki ya mtu mnaizunguka wote wawili, mnaonyeshana mikwaruzo mbele ya shahidi. Huku unapewa tableti inayoonyesha kisanduku cha sahihi tu, kurasa zenyewe zimejificha, na foleni nyuma yako inahema. Hawakuibii, wanakusainisha. Mwambie akufungulie mkataba, foleni isubiri.

Marekani hofu igeuze: huko kinachoua ni deni la uliyemgonga. Kila jimbo lina kiwango chake cha chini cha bima ya kumlipa huyo. California, tangu 2025, ni dola 30,000 kwa mtu aliyeumia na 15,000 kwa mali. Kwa bili za hospitali za kule, hicho si kitu. Ongeza bima hiyo.

Leseni ya kimataifa chukua AAT, chama cha magari Tanzania, kabla ya kuondoka. Piga video ya gari, rimu zote nne, kabla ya kuwasha injini. Na ukirudisha usiku, ukatumbukiza ufunguo kwenye kisanduku, gari bado liko mikononi mwako mpaka walikague asubuhi. Piga video tena hapo maegeshoni, geji ya mafuta na kilomita zionekane, na usiifute mpaka ile hela waliyozuia imerudi kwenye kadi.