Kukaa kando ya inkubeta: mapafu na moyo wa mtoto njiti

Binti yangu alizaliwa wiki ya 26, gramu 810. Usiku wa kwanza kila mashine ilipolia, nami nililia. Nilichojifunza baadaye ni hiki.

Kengele ikilia, mtazame mtoto kwanza, skrini baadaye. Kifua kinapanda? Midomo ina rangi yake? Mara nyingi ni kile kibandiko cha mguuni, kinachopima oksijeni ya damu, kimelegea. Lakini njiti husahau kupumua kweli, maana sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi haijakomaa. Akikatisha pumzi kwa sekunde 20, au chini ya hapo huku mapigo yakishuka, ita muuguzi. Mara nyingi kumsugua unyayo kidogo kunatosha kumwamsha. Dawa yake ni kafeini. Ndiyo, ile ile ya kwenye kahawa.

Kisha nunua daftari. Kila asubuhi uliza: leo anapewa oksijeni asilimia ngapi? Hewa ya kawaida ina 21, kwa hiyo unataka namba hiyo ishuke kuelekea huko. Usiichanganye na ile ya skrini, inayoonyesha oksijeni iliyomo kwenye damu. Hiyo kwa kawaida hulengwa 90 hadi 95 akiwa kwenye oksijeni, kwani ikizidi inaweza kumharibu macho. Niliwahi kumbembeleza sista aongeze "kidogo tu". Alikataa, na alikuwa sahihi.

Mapafu ya umri huu hayana utelezi wa kutosha, hivyo vifuko vya hewa hujifunga kila anapotoa pumzi. Ndiyo sababu ya safaktanti, dawa ya kuongeza utelezi huo, inayotiwa kwenye njia ya hewa, na ile mashine ya kusukuma hewa puani.

Moyo ndio uliotuchanganya. Mtoto akiwa tumboni, damu nyingi huyakwepa mapafu kupitia mrija mfupi ulio kati ya mishipa miwili mikubwa. Kwa aliyetimiza miezi, mrija hujifunga ndani ya siku chache. Wa njiti unaweza kubaki wazi, damu ikafurika mapafuni. Watu watakuambia mtoto ana tundu la moyo, siyo tundu. Dalili ya kwetu ilikuwa daftarini, kwenye oksijeni anayopewa: asilimia 25, 24, halafu 38. Uliza kama amepimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), mrija una upana gani, na kama mpango ni kusubiri, kumpa ibuprofeni au parasetamoli, au kuuziba. Usione kusubiri ni kutelekezwa. Mingi hujifunga yenyewe.

Wakikuruhusu kumbeba kifuani, nenda chooni kwanza, maana utakaa saa nzima au zaidi. Kichwa chake kielekee upande, kidevu kisizame kifuani.

Akiwa bado kwenye oksijeni ifikapo wiki ya 36, ukihesabu na zile za mimba, utasikia "ugonjwa sugu wa mapafu". Binti yangu alikuwa nao. Nyumbani hakuna anayevuta sigara, na mwenye mafua anaishia mlangoni, hata bibi yake.