Siku ya mchungaji kupumzika iandikwe kwenye kumbukumbu

Wachungaji wenzangu wa Kisumu na huku vijijini, nina neno moja. Jumamosi umeshinda mazishini Siaya, jua la utosi, hotuba haziishi. Jumapili ibada mbili. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu inalia: "Mchungaji, bado umelala?"

Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutupangia mapumziko. Washiriki ndio huamua. Basi peleka ombi la siku yako ya kupumzika kwenye kikao cha kanisa, lipitishwe, katibu aliandike. Ruhusa ya mdomo huyeyuka msiba wa kwanza ukitokea. Kisha mashemasi wapokee simu za siku hiyo kwa zamu, wakujulishe ya kufa na kupona tu. Akitokea wa kukuita mvivu, msomee 1 Wafalme 19:5-8: Eliya alilala, akala, akalala tena, akala tena.

Yangu ilipopitishwa, Jumatatu ya kwanza nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, hadi mama watoto akachoka, akanituma soko la Kibuye nikalete omena. Nikaenda bila simu. Niliporudi, shemasi alikuwa amepokea simu kumi na moja. Tisa zilihusu viti vya harusi.