Somo: Kukokotoa mwaka wa sayari kutokana na umbali wake na Jua

Ndugu wanachama wa Dodoma, leo tutaukokotoa mwaka wa Mshtarii kwa kalamu na kikokotoo cha simu, tukitumia kanuni aliyoichapisha Johannes Kepler mwaka 1619.

Hatua ya 1. Uhesabu umbali wa Dunia na Jua, yaani kilomita zipatazo milioni 150, kuwa ni 1. Kwa kipimo hicho Mshtarii iko 5.2.

Hatua ya 2. Zidisha 5.2 kwa 5.2, kisha jibu ulizidishe tena kwa 5.2. Utapata 140.6.

Hatua ya 3. Tafuta kipeuo cha pili cha 140.6 (si kugawanya kwa mbili, kosa ninaloliona kila mara). Jibu ni 11.86, nayo ndiyo miaka yetu inayopita Mshtarii ikilizunguka Jua mara moja.

Wapo wanaodhani kwamba sayari ya mbali huchelewa kwa sababu tu njia yake ni ndefu, kama mkimbiaji aliyepangiwa mstari wa nje pale Uwanja wa Jamhuri. Ingekuwa hivyo, Mshtarii ingemaliza mzunguko kwa miaka 5.2. Lakini mvutano wa Jua hudhoofika kadiri umbali unavyoongezeka, na kule iliko Mshtarii sayari yenye kasi ya Dunia, kilomita 29.8 kwa sekunde, ingeponyoka isirudi tena. Inayobaki katika njia hiyo ni ile inayokwenda kwa takriban 13.1. Mkimbiaji wetu, basi, ana njia ndefu na miguu mizito. Gawanya 29.8 kwa 13.1, zidisha kwa 5.2, nawe utaikaribia sana ile 11.86.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Je, ukubwa wa Mshtarii hauicheleweshi?

Jibu: Marahaba. Hapana. Tungamo yake haifiki hata sehemu moja ya elfu ya tungamo ya Jua, kwa hiyo kokoto iliyowekwa katika njia ileile ingetumia takriban muda uleule.

Mwanachama wa Mpwapwa: Je, kanuni hii inafaa kwa nyota nyingine?

Jibu: Inafaa, ila kabla ya kutafuta kipeuo ugawanye kwanza kwa tungamo ya nyota hiyo, Jua likiwa 1. Proxima Centauri ina takriban 0.12, na sayari yake mojawapo iko umbali wa 0.0485. Ukikokotoa kisha ukazidisha kwa 365, utapata siku 11 na ushei.