Kumfundisha Mtoto Mfumo Ikolojia kwa Kumpeleka Mikokoni

Watoto wengi wa mwambao huweza kukutajia simba, twiga na kifaru kwa mkupuo mmoja, ilhali kaa anayechimba shimo nyuma ya darasa lao hawajui anakula nini wala analiwa na nani. Kosa si lao. Tumezoea kuwafundisha habari za wanyama kama orodha ya majina, na orodha haimwonyeshi mtoto jinsi kiumbe kimoja kinavyokitegemea kingine. Kwa mwalimu au mzazi aliye karibu na bahari, iwe Kwale, Lamu, Tanga, Kilwa au Unguja, msitu wa mikoko ni darasa lisilohitaji nauli kubwa wala darubini, na yafuatayo yanawafaa watoto wa miaka 8 hadi 12.

Kabla ya jambo lolote, yajue maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali zaidi, na katika mwambao wetu kupwa huko huangukia mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, wakati unaofaa kabisa kwa somo. Fikeni muda wa saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na waanze kurudi mara maji yanapogeuka. Mimi nililijifunza hili kwa aibu: mara ya kwanza niliwapeleka watoto 30 jioni ya bamvua, baada ya kipindi cha mwisho, tukakuta maji yamekwisha kupita magoti, nasi tukarudi na ndara nyingi zisizo na wenzake. Tangu hapo nadai viatu vya kufunga kwa kamba, kwa sababu chaza walioganda kwenye mizizi hukata kama wembe, na kila watoto 6 huwa na mtu mzima wao.

Mkifika, usianze kwa kuhutubia. Waache watoto watembee kutoka nchi kavu kuelekea baharini, kisha uwaulize mahali ambapo miti ilibadilika. Watagundua wenyewe kwamba mikoko ni ya aina nyingi: kwamba mikandaa imesimama pale ambapo maji hufika kwa muda mfupi, kwamba mkoko wenye mizizi mithili ya miguu ya buibui unapenda tope laini la katikati, na kwamba mililana iko mbele kabisa, ikikabili mawimbi. Mchu utaukuta karibu na nchi kavu, na pengine tena upande wa bahari, jambo ambalo huzua ubishi mzuri. Hapo ndipo neno makazi linapopata maana, kwani mtoto ameona kwamba kila mti umekaa mahali unapoweza kuvumilia chumvi, tope na kina cha maji. Mwambie alambe upande wa chini wa jani la mchu: ule uchumvi anaousikia ulimini ni chumvi ambayo mti umeitoa mwilini mwake kupitia majani. Ile mizizi yake iliyochomoza topeni kama penseli ni ya kuvuta hewa, kwa hiyo asiikanyage mtu.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la jani na uzi. Kila kundi liokote majani manne au matano ya mkoko yaliyokwisha kuwa ya manjano na kuanguka, lifunge kila kikonyo kwa uzi wa pamba wa rangi, urefu wa mita 1, kisha liyalaze karibu na mashimo ya kaa na kurudi nyuma hatua kadhaa. Sasa inatakiwa subira. Kwa dakika chache hapatokei kitu, na watoto wataanza kunong'ona; halafu jicho huchungulia, gando hutokea, na ule uzi mwekundu huanza kujongea juu ya tope kana kwamba unavutwa na mtu aliye chini ya ardhi. Pakitokea kelele, kaa hurudi shimoni na mnaanza upya. Kabla ya kuondoka, kusanyeni nyuzi, na ule unaogoma kutoka ukatwe juujuu.

Kaa yule halihifadhi jani kama pambo. Hulila, na kinyesi chake, pamoja na mabaki yanayooza, hulisha vijidudu na wanyama wadogo wa topeni. Hao huliwa na kamba na samaki wachanga waliojificha kati ya mizizi. Na samaki hao wakishakua, baadhi yao huenda miambani, kwenye nyavu na madema ya wavuvi. Nami nawauliza watoto: jana usiku mlikula kitoweo gani? Mnyororo wa chakula hauhitaji tena kuchorwa ubaoni.

Ukimpata mzee aliyewahi kukata miti, mwalike. Atawaonyesha tofauti ya pau, mazio na boriti, yaani nguzo za mikoko zinazotofautishwa kwa unene, na atawasimulia majahazi yaliyosafirisha boriti kwenda Uarabuni, biashara ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 1982. Wanaoishi katika nyumba za kale, hasa Lamu, wapime upana wa vyumba vyao: aghalabu hauzidi mita 3, kwa sababu dari ilibebwa na boriti, na boriti haikuwa ndefu zaidi ya hapo.

Watoto watataka kupanda miti, na mimi siwakatazi, ila upandaji wa kupiga picha tu siuoni faida yake. Mche wa mkoko uliochomekwa kwenye mchanga mtupu ulio mbele mno ya msitu husombwa, hivyo waulize wao, kwa waliyoyaona asubuhi, mahali unapostahili kukaa.

Mwisho, kila kundi lichague mita 1 ya mraba, lichore mashimo, mizizi na konokono wote waliomo, na liweke alama ya kudumu kwenye mti wa jirani. Rudini mahali hapo hapo baada ya masika, michoro ya kwanza mkononi, na mhesabu mashimo upya.