Kumkumbuka rafiki aliyefariki akiruka kwa mwamvuli (parachuti) kutoka daraja la Perrine

Anza kwa mama yake. Usiguse mwamvuli wala kofia kabla hajasema anataka nini.

Andika mapema unayoyakumbuka. Rafiki yangu alikunja mwamvuli akiwa amepiga magoti, akinyoosha kila kamba kwa vidole, hata salamu haitikii.

Kule Twin Falls, Idaho, daraja liko mita 148 juu ya mto Snake, na kuruka kunaruhusiwa mwaka mzima. Wenzake watataka kuruka kwa heshima yake. Wazuieni, jamani! Mwenye majonzi hakagui vizuri, na kwa kawaida mchezo huu hauna mwamvuli wa akiba. Tembeeni ukingoni, ombeni, mle pamoja.

Picha za ajali zifuteni. Za kicheko mpelekeeni mama.